Kilio ya Foyer Tuikale

Lundi, tarehe 3 mwezi wa sita, 2024

Coach amefika! Jina yake Aristote. Mutoto ya juzi tu, ndevu yenyewe ingali inajiuliza kama itoke. Ametupatia kila mumoja kaye ya kuandikia na bic. Asema kila mangaribi tuandike mule yale yametupata, tusiogope makosa, hakuna muntu atasoma. Bon. Naandika. Masomo yangu ilisimama ku troisième primaire, lakini mukono ungali unajua njia.

Hali njo hii. Partenaire mwenye kusaidia Foyer Tuikale anasema imezeeka. Ijigeuze ao ifungwe. Ametuma coach atusaidie kuigeuza, siye wote pamoja.

Foyer, nyumba ya bamama ya kujifunza kazi ya mikono, iko hapa Kamalondo, Lubumbashi, tangu nilikuwa kitoto. Chumba ya kushona, chumba ya tiriko, ya kufuma nyuzi, na kule nyuma, jikoni. Mama Régine njo aliianzisha kwa ajili ya banamuke ya bafanyakazi ya reli. Na mu jikoni alikuwaka mama yangu, Kapya. Kila jeudi alipikaka bukari ya bunga, na sombe ya majani ya muhogo mu sufuria moja kubwa nyeusi, na kila mwenye njaa alikulaka. Hakuna kuuliza unatoka wapi. Siku alikufa, nilichukua mwiko yake. Ningali nayo.

Leo coach amebandika karatasi ndogo ndogo za rangi ku ukuta. Kila muntu aandike ndoto yake ya Foyer. Nilichora sufuria. Mama Adolphine, secrétaire yetu, mwenye miwani na Kifaransa ya kupitia ku pua, aliandika mistari na mistari, akaisoma kwa sauti: jikoni ivunjwe, pale tuweke chumba ya ordinateur.

Kuvunja!

Coach akasema hakuna wazo mubaya. Nikasema kuko moja. Bamama bakacheka. Sikukuwa nachekesha.

Ku nyumba nilielezea Paulin, bwana yangu. Alifanyaka kazi ku reli mupaka akazeeka, akaingia retraite, hakuna kintu inamushitusha. Aliniuliza kama hizo karatasi ziko na gundi nguvu. Nikasema kiloko tu, haiko nguvu. Asema basi zitaanguka zenyewe, tukule. Yee hajue kuogopa. Miye njo naogopa kwa ajili ya nyumba nzima.

Mardi, tarehe 4

Nimeamuka na akili!

Coach asema kila karatasi ni sauti ya muntu. Basi sauti zitakuwa mingi. Kabla ya jua nilienda kuchukua pakiti ya karatasi za manjano pa meza yake. Nikaketisha Sephora, binti yangu, aandike mara na mukono ya kuume, mara ya kushoto, kubwa, ndogo, ya kulala, ya kusimama. Jikoni. Tunapenda jikoni. Foyer bila jikoni ni nini? Moja aliandika Vive sombe, sombe idumu. Nilimukatalia. Kisha nikaiacha, ilikuwa muzuri.

Sephora aliuliza asema mama, hii si kudanganya? Nikamuambia hapana, ni kusaidia bale beko na haya ya kusema.

Tukabandika. Ukuta ulikuwa sawa shamba ya alizeti.

Saa ya atelier, ile kikao yetu, coach alisimama mbele, mikono ku kiuno, asema eh, hapa kuko kintu. Nilitazama chini ili nisionekane nafurahi. Adolphine akasogea. Akapandisha miwani. Asema ni ajabu, bantu yote benye kupenda jikoni banapenda na rangi ya manjano. Ajabu tena, asema, bote beko na kidole gumba kimoja! Akaonyesha. Kila karatasi, pa pembe, alama ya mafuta ya ngazi, ile mawese nyekundu.

Ni kweli asubuhi nilikuwa natengeneza sombe.

Bamama balicheka mupaka benye kutiriko bakaangusha sindano. Coach hakunipigia kelele. Hiyo njo inauma. Aliniambia pole pole asema Mama Myriam, naona hii jikoni iko ndani yako sana. Keshokutwa mutaenda mu mitaa babili babili, musikilize bantu wenyewe.

Miye nimewekwa pamoja na nani? Na Adolphine! Huyu mutoto anafanya kwa makusudi.

Jeudi, tarehe 6

Mupango ya leo ulikuwa bila kosa. Coach asema tuende kusikiliza bantu. Hakusema bantu gani. Nikachagua bale nimewakulisha.

Kwanza fundi Ephraïm, anashona robe za harusi ng'ambo ya njia. Kila jeudi anakula kwetu, sahani mbili! Nilimukonyeza jicho. Nikauliza: jikoni ya Foyer, hauwezi kuishi bila hiyo, kweli ao uongo? Adolphine asema hiyo si kuuliza, hiyo ni polisi. Akauliza yake: papa fundi, jeudi inakuwaka namna gani kwako?

Ephraïm akafunguka sawa robine ya maji. Asema sombe, hana neno nayo. Neno ni moshi. Kila jeudi inaingia mu dirisha, na bibi-harusi anaenda ku kanisa ananuka samaki ya kukausha. Mumoja alirudisha robe, asema bwana yake alishikwa na njaa mbele ya padri.

Sahani mbili! Na nilimuwekeaka ile ya chini, yenye mafuta.

Pili, mujane Ngalula. Huyu nilijua hataniangusha, alikuwaka rafiki ya mama. Asema anatamani ile chakula mupaka anaota. Nikamutazama Adolphine: umesikia? Kisha Ngalula asema lakini miguu yake haifike tena ku Foyer, tangu mwaka jana. Nikauliza juu ya nini hakutuambia. Asema hakuna muntu aliuliza.

Adolphine akaandika. Anaandikaka kila kintu, huyu.

Kurudia, tulipita pembeni ya reli. Adolphine akasimama. Nilifikiri ni kiatu. Akaanza kusema, bila Kifaransa hata kiloko. Asema wakati baba yake aliachaka nyumba yao, mama yake alikuwa anamutuma ku Foyer na bakuli chini ya kikwembe ya kujifunga, ili bajirani basione. Mama yangu hakumuulizaka kintu. Alijazaka bakuli, akamupangusha makamasi na pembe ya kikwembe yake, akamuambia aende mbio chakula isipoe.

Ile kikwembe naijua. Ya maua ya kijani. Ilikuwaka na harufu ya moshi na sabuni. Nikaona yote tena mara moja. Sirène ya kazi inalia, bababa banashuka na salopette, batoto tunakimbia kuwashika mikono, kwa sababu tulijua babakishaka kipande ya mukate mu mufuko kwa ajili yetu. Ilikuwa na vumbi ya makaa, ile mukate. Sijakula keki imeishinda. Na mama pa mulango ya jikoni, mukono ku paji ya uso, anatuhesabu, aone bunga itafika.

Machozi ilinitoka. Nilimushika Adolphine mukono.

Kisha nikakumbuka huyu njo anataka kuvunja ule mulango. Nikaachilia.

Vendredi, tarehe 7

Tumepiga kura. Ordinateur imeshinda.

Hata Sephora, damu yangu, aliinua mukono juu! Nikamutazama. Asema mama, usinitazame vile, nimechoka kupanda mupaka mu ville kwa kujifunza kintu naweza kujifunza hapa. Mutoto akiwa na haki inakuwa nguvu kumukaripia.

Fundi ya kuvunja atakuja lundi. Lundi! Nilienda kusimama mule ndani pekee. Ukuta mweusi wa masizi, pale mama alipumuzishaka mukono kuko alama ya mukono. Nilifikiri: lundi hii itakuwa matofali mu kigari ya muntu.

Halafu coach, kabla ya kufunga, akasema neno moja. Asema kesho asubuhi tufanye zoezi ya kuaga Foyer ya zamani. Sawa vile munalaza muntu mwenye amekufa, asema. Kila mama alete neno moja ya kuaga. Kisha tufungue njia ya mupya. Itachukua saa moja.

Saa moja! Kumulia muntu saa moja! Hata jogoo tunaililiaka zaidi.

Na pale pale akili ikanishuka. Kama Foyer imekufa, kuko kilio. Kama kuko kilio, bantu banakuja. Bantu bakikuja, banakula. Na nani ataleta fundi kuvunja jikoni mu katikati ya kilio? Hakuna mushenzi kama ule mu Lubumbashi yote.

Nilimupigia telefone Mama Mulenga, mwenzetu ya zamani, anaikala Luano, karibu na kiwanja ya ndege. Mama Mulenga ukimuambia kintu, haina haja ya redio. Nilisema paka hivi: kuko kilio ku Foyer, kesho, wambie bengine. Akapiga yowe. Akakata bila kuuliza ya nani. Sikusema uongo. Hakuuliza.

Paulin anasema anasikia harufu ya matatizo. Nikamuambia ni makaa.

Siku ya posho, tarehe 8

Bazee yetu baliita samedi siku ya posho, juu siku ile kampani iligawaka bunga na samaki kwa bafanyakazi. Naiita vile nami. Na leo kweli posho ilifika!

Saa ya atelier, njia ya Foyer ilikuwa imefungwa. Matawi ya ngazi pa pembe ya barabara, alama ya kilio. Bâche ya kivuli imesimama, sijue nani aliileta. Bamama ya mitaa ya Luano, Kenya, Katuba, bikwembe imefungwa ku kiuno, bitambaa ku kichwa, banaingia na kulia. Mifuko ya bunga. Makaa. Kuku inalia nayo. Bababa bamewasha moto inje juu baridi ya mwezi huu haina huruma, na Paulin katikati yao na koti yake ya reli. Mumoja alimuuliza marehemu alishikwa na ugonjwa gani. Paulin asema karatasi. Ilianza kiloko tu ku ukuta, kisha ikaenea mwili nzima. Bakatikisa vichwa. Mumoja asema hiyo ilimuuaka hata shemeji yake.

Coach akafika na kalamu zake za rangi. Akasimama pa mulango, mudomo wazi. Aliniuliza kwa sauti ndogo asema Mama Myriam, bantu hawa ni nani? Nikamuambia ulisema tuage. Tunaaga.

Mi nilikuwa mu jikoni! Moto pa mawe tatu, sufuria kubwa inachemka, mabinti banasonga bukari mu zingine. Mwiko mu mukono. Kila mara nilisikia sawa mama iko nyuma yangu, ananiambia ongeza maji. Niliongeza.

Kwetu muntu akikufa, bajukuu njo beko na ruhusa ya kuchekesha. Banavaa sawa marehemu, banatembea sawa yee, na hauwezi kukasirika. Basi mabinti yetu bakasema siye njo bajukuu ya Foyer. Sephora akajibandika karatasi za rangi mwili nzima, akatembea anamuuliza kila mufiwa ndoto yake. Coach alicheka mupaka akakaa chini. Mwingine akaweka bifuniko mbili ya bilauri ku macho, akasema Kifaransa ya kupitia ku pua. Nilicheka mupaka nikashika ubavu. Mwingine akachukua mwiko, akawa anaonja, bado kiloko, anaonja tena, bado kiloko, anaonja tena. Bantu balilala chini. Ule sikuelewa alikuwa anaiga nani.

Kisha njo ile.

Camion ya mahindi ikasimama pa pembe. Juu ya mifuko, mama muzee, kitambaa cheusi, fimbo. Akashushwa polepole. Mama Régine! Mwenyewe! Anaikalaka Lukafu sasa, mu mashamba ya ndugu yake. Yee pia alisikia kuko kilio ku Foyer, akapanda camion ya kwanza.

Mama Mulenga akamuona. Yowe ile ndege ya Luano iliisikia. Nusu ya bamama bakakimbia, ingine ikapiga magoti. Juu tangu asubuhi balikuwa banamulia yee! Mama Mulenga aliwaambia bote ni Mama Régine, asema kilio ku Foyer, itakuwa ya nani mwingine?

Mama Régine akauliza nani amekufa. Akajibiwa: weye. Akafikiri kiloko. Asema basi mumenitandikia mukeka mubaya.

Bote bakanigeukia. Nilikuwa na mwiko. Nilitamani kuingia mu sufuria. Nikasema polepole: mama, ni Foyer. Foyer njo imekufa. Lundi banavunja jikoni.

Nilingoja fimbo. Haikukuja. Alinitazama, akatazama ule mulango mweusi, akaenda kukaa pa mukeka, akanyoosha miguu sawa mufiwa. Akaanza kulia. Ya kweli. Aliita banamuke ya kambi ya reli mumoja mumoja kwa jina, bale hakuna muntu anabaita tena. Ule aliyejuaka kushona kola. Ule aliyezaliaka mu chumba ya tiriko juu mvua ilikataa kuacha. Akafika ku Kapya. Asema Kapya, mwenye mukono mukubwa, ulikulisha hata bale balikutukana, kuja uone watoto yako bamekuwa bamama bazee. Hakuna muntu alibaki na macho makavu. Adolphine alitosha miwani ku macho. Coach alikuwa anakula bukari na mikono, anaandika na mukono ya kushoto, machozi inaanguka pa karatasi.

Tulikula wote. Sufuria ilifika kwa kila muntu, na ikabakia ya kukwangua.

Nimeshinda! Nani atavunja sasa?

Siku ya Mungu, tarehe 9

Ee Mama Maria.

Kisha ya misa, nilidhani bantu bataenda ku nyumba yao. Balirudi bote ku Foyer. Mama Régine alikuwa pa kiti, fimbo kati ya magoti. Asema kilio tumelia muzuri. Sasa tugawe bintu ya marehemu.

Nikasema bintu gani? Asema ya Foyer. Muntu akikufa na akililiwa, bintu yake haibakie kulala. Inagawiwa, ili aishi mu nyumba ya bantu. Aliniuliza kama ilikuwa kilio ya kweli ao ilikuwa mchezo.

Mbele ya bote! Mama Mulenga pale, macho sawa sahani. Ningesema mchezo, hawangenisalimia tena mupaka naingia mu kaburi. Nikasema ilikuwa ya kweli.

Basi bajukuu bakaingia mu jikoni yangu, na kicheko, na ruhusa. Mbabula ya makaa ikatoka, ikaenda Katuba. Mabasani ikatoka. Sufuria za kati, moja moja. Bijiko. Kinu! Ngalula hakuweza kuja, bakamutumia ungo. Kila kintu kilipita mbele yangu na kila kintu nilijua kilivunjika wapi na nani alikitengeneza. Nilikuwa nasema kwaheri sawa muntu pa gari ya moshi.

Ikabakia ile kubwa. Nyeusi. Ya mama.

Nikasogea. Nikapangusha mikono. Mama Régine akanyoosha fimbo, akapita juu yangu, akaonyesha Adolphine.

ADOLPHINE!

Asema ule mutoto wa bakuli chini ya kikwembe, nilimuonaka. Sufuria iende kwa mwenye ilimukomesha njaa. Adolphine akalia, akataka kukataa. Nilimusaidia kukataa. Mama Régine asema kilio haijui kukataa.

Kisha akaniita. Mwana ya Kapya, njoo. Asema zako ni zile mawe tatu ya moto. Mama yako alizitoaka mu kambi ya reli kwa kichwa, mara tatu alienda, mara tatu alirudi, hakuna sufuria ingesimama bila hizo.

Nilizibeba ku nyumba. Moja moja, juu kichwa yangu si ya mama. Ya mwisho Paulin alikuja kunipokea pa njia. Hakuchekesha. Aliiweka mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, pamoja na zingine, akazipanga sawa tatu zinapashwa kukaa. Akaniuliza kama ni vile. Nikasema ile ya kushoto, kiloko kwako.

Jikoni iko tupu. Nimeifanya tupu mwenyewe, na machozi yangu, na kuku ya bantu.

Mardi, tarehe 11

Fundi ya kuvunja alikuja jana, akatazama, asema hapa mumekwisha kuhama, juu ya nini kuvunja? Chokaa tu. Basi ukuta ubakie. Coach asema ordinateur haihitaji ukuta mupya, inahitaji ukuta mukavu. Nimekwenda kuona. Bamepaka nyeupe nusu. Pale pa alama ya mukono ya mama habajafika. Niliwaambia hapo kuko unyevu, basipake. Bamenisikia! Ni ushindi ndogo, nauandika.

Leo coach aliuliza tumeona nini mu kilio. Bamama bakasema wote mara moja, hakuna karatasi. Sufuria ziko sasa mu mitaa mingi. Adolphine akafungua kaye yake, akasoma Ngalula na miguu yake, Ephraïm na moshi wake. Asema: jeudi itembee. Jeudi moja ku Katuba, jeudi moja kwa Ngalula mu lupango, kila mwenye sufuria siku yake, na Foyer ikuwe pale iko njaa. Ku Kamalondo ibakie masomo, na mabinti benye kujua bafundishe bengine. Sephora atakuwa mumoja. Alinitazama. Nilimutazama. Nilijikaza, kisha nikatabasamu, nikamufunga kitambaa yake muzuri.

Coach asema hii hakuileta yee, ni siye. Iko mutoto muzuri. Anapashwa kula zaidi.

Akauliza kila mumoja amejifunza nini. Miye nilisema: kusikiliza. Bakapiga makofi.

Kurudia, Adolphine alinifuata. Asema jeudi ya kwanza ni kwake, na ile sufuria haijui, inaunguza chini, na haina mahali pa kusimama. Aliomba nikuje kupika. Na mawe. Nilimuambia niko na kazi mingi. Alipopinda pembe, nilipiga kelele: saa ngapi?

Jeudi, tarehe 13

Paulin alibeba mawe mu kigari. Tulipika kwa Adolphine. Lupango ilijaa, na bajirani yake, hata bale wa zamani ambao basingepashwa kuona bakuli. Batoto bakapanga mustari. Nikajikuta nimesimama pa mulango, mukono ku paji ya uso, nawahesabu, nione bunga itafika. Ilifika. Adolphine alikula mu bakuli, akiwa amekaa chini karibu na moto, miwani imejaa moshi. Ilikuwa jeudi muzuri, sawa za zamani.

Lakini anatia chumvi kabla ya maji kuchemka. Sufuria ya mama yangu! Na anaisugua na muchanga! Siwezi kulala namna hii.

Basi nimefikiri. Kilio ikianza, inapashwa kumalizwa. Na siku ya kumaliza kilio, kila mwenye alichukua kintu ya marehemu anakuja nacho, tunapika mara ya mwisho pale ilianzia. Hii desturi nimeitengeneza leo asubuhi, lakini iko na sura ya kizamani, na Mama Régine macho haioni tena muzuri.

Sufuria zikiingia zote mu jikoni, nafunga mulango. Kadena ya kufunga nimekwisha kununua. Ordinateur zitakaa juu ya meza, sufuria chini ya meza. Kuko nafasi. Nimepima na mwiko.

Nimemupigia Mama Mulenga. Nilisema paka hivi: kuko kilio ku Foyer, mukuje na sufuria. Safari hii alijifunza, aliuliza ya nani.

Nikamuambia allô, allô, réseau inakata.